Kivuli kwanza, manyunyu baadaye: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu dodja, bimini na mapazia ya yoti

Mi nashona turubai. Nilianza na viti vya bajaji na vifuniko vya malori pale Tanga, siku moja akaja Mzungu na kitambaa kilichochanika kakibeba kwenye mfuko wa rambo, akauliza fundi unaweza hii, nikasema naweza kabla hata sijajua ni ya nini. Tangu siku hiyo nahudumia yoti zinazopita, Tanga, Dar, Kilifi, mara moja moja Mtwapa, na sa hivi sio Wazungu peke yao, wapo na wa kwetu waliojinunulia zilizotumika wanazitengeneza pole pole. Maswali ni yale yale kila mwaka so nimeamua kuyaandika mara moja, ukinipigia simu ntakwambia kasome kwanza.

Nikisema kokpiti namaanisha lile shimo la nyuma lenye mabenchi na usukani, ambako mwenye yoti anashinda mchana kutwa, anakunywa chai, na usiku wa joto analala humo humo.

Kwani dodja na bimini si kitu kimoja?

Hapana. Dodja ni kile kibanda kidogo cha mbele ya kokpiti, kinafunika mlango wa kushukia chini, kina dirisha la plastiki angavu kwa mbele, Waingereza wanakiita sprehudi. Kazi yake ni kuzuia maji yanayorushwa na omo, yani pua ya yoti, na upepo wa mbele. Bimini ni paa la juu tu, halina kuta, limekaa juu ya usukani, kazi yake jua. Alafu kuna kipande cha katikati kinachounganisha viwili hivyo, wengi wanakiita daraja, na kuna mapazia ya pembeni na nyuma. Ukiweka vyote pamoja unapata chumba kizima.

Sio mambo mapya haya. Jahazi likitia nanga watu wanatandika chandalua, kivuli kinapatikana. Na kwenye yale mashindano ya kwanza ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja mmoja, mwaka 1960, Blondie Hasler alikuwa na kiyoti chake Jester, kadogo, alikitengenezea kifuniko cha kukunja ka cha kigari cha mtoto mchanga ili aendeshe bila kutoka nje kulowa. Alishika nafasi ya pili, siku 48 baharini.

Hela ninazo za kimoja tu, nianze na kipi?

Bimini. Najua utasikia mengine, maana karibu maelezo yote unayosoma yameandikwa na watu wa bahari za baridi, kwao adui ni maji ya baridi usoni saa nane usiku so wanaanza na dodja, na wako sahihi, kwao. Huku kwetu adui ni jua. Mtu akilowa saa tano asubuhi kwenye mkondo wa Pemba anacheka, lakini mtu akikaa masaa manane bila kivuli kichwa kinamgonga, anakosea hesabu ya maji kupwa na kujaa, anagombana na mkewe, nshaona.

Halafu fikiria unakwenda wapi. Ukitoka Dar au Tanga kwenda Kilifi wakati wa kusi, upepo uko nyuma yako, mkondo wa bahari nao unakusukuma kaskazini, dodja haina kazi yoyote pale, manyunyu na mvua vinakuja kwa nyuma vinakukuta umekaa. Dodja utaililia wakati wa kaskazi ukilazimisha kupanda juu, kwa sababu ule mkondo unaenda kaskazini mwaka mzima na upepo unakuja kinyume chake, bahari inasimama, mawimbi mafupi mafupi yenye kichwa, kila la tatu linaingia ndani. Wenye busara hawaendi huo mwelekeo msimu huo, lakini wenye viza inayoisha wanaenda.

Kwa hiyo kama unakaa ukanda huu, bimini. Kama mpango ni kuteremka Afrika Kusini mwaka huu huu, basi dodja isichelewe.

Kuna mtu kaniambia nifunge kote, mapazia pande zote. Niifanye?

Usianze na hiyo. Kufunga kote ni kitu kizuri kwa aliyeko Norwe au anayekaa kwenye yoti wakati wa baridi Ugiriki. Hapa ukifunga kote mchana umejitengenezea tanuri la mkate, tena umelilipia. Kuna bwana mmoja alisisitiza, nikamshonea mapazia sita yenye zipu, kazi ya wiki tatu, nilipopita tena baada ya mwaka nikayakuta chini ya kitanda yamekunjwa yana alama za mikunjo ambazo hazitoki tena.

Ila pazia la mesh, lile la vitundu vidogo vidogo, hilo ni suala lingine. Linakata jua linapitisha upepo. Mi nadhani ndio kitu chenye faida kubwa kuliko vyote ukilinganisha na hela yake, na hakuna anayeniulizia.

Pazia la jua niweke upande gani?

Swali zuri, watu wengi hawalifikirii. Saa sita mchana jua liko kichwani, Mombasa ndio kabisa linapita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba, bimini inatosha. Shida ni kuanzia saa tisa. Yoti ikiwa nangani inageuza omo kwenye upepo, sasa hesabu: kusi likivuma omo inatazama kusini kidogo mashariki, jua la saa kumi linakupiga upande wa kulia. Kaskazi likiingia, omo inatazama kaskazini mashariki, jua lile lile sasa linaingia kwa nyuma upande wa kushoto. Yani pazia ulilolishona Julai Januari liko upande mbaya.

Dawa yake ni kushona pazia moja na kuweka zipu za aina moja na urefu mmoja kulia, kushoto, na nyuma kama fremu ikikubali, unalihamisha. Kwenye vijito ka Kilifi mkondo nao unaigeuza yoti maji yakijaa na yakitoka, so hata siku moja unaweza kulihamisha mara mbili. Dakika tatu.

Nitajuaje vipimo sahihi?

Hapa ndio pa kutumia muda, na hapa ndipo watu wanaharaka. Usipime kwa futikamba ukaniletea karatasi. Nunua mabomba ya plastiki ya maji, yale membamba, na viungo vyake, tengeneza umbo la bimini na dodja hapo hapo kwenye yoti, funga kwa kamba, alafu tundika shuka kuukuu juu yake au kanga mbili umeziunganisha. Kaa nayo wiki nzima. Kula humo, panda na kushuka kwenye mtumbwi humo, zungusha winchi, mkono ugonge usigonge, tazama mlingoti, vuta demani, ile kamba ya tanga. Pakikukera mahali sogeza bomba. Bomba la plastiki linasogea bure, la stenlesi likishakunjwa limekunjwa.

Nakueleza kwa uchungu hii. Dodja yangu ya kwanza kabisa nilimpima bwana mwenyewe kakaa kwenye usukani, nikapima juu ya macho yake, nikaridhika. Mkewe sikumpima. Yule mama alikuwa mfupi kwa kichwa kizima, na ndiye anayeendesha nusu ya safari, so ule upindo mnene wa juu ya dirisha, wenye mishono miwili na utepe, ukawa umekaa sawasawa mbele ya macho yake. Kaendesha kutoka Tanga mpaka Pemba kasimamia vidole vya miguu. Aliporudi hakugomba, alisema tu, fundi, mshono wako nimeuona kuliko bahari. Nilifumua yote kwa gharama yangu.

Kanuni ni hii: kila anayeendesha lazima aone ama juu ya dodja ama kupitia kwenye dirisha, akiwa amekaa na akiwa amesimama, upindo usikae usawa wa macho ya mtu yeyote. Kukiwa na watu wawili wa urefu tofauti sana hapo sasa mnaelewana, au anatafutiwa kibao cha kusimamia. Na usiku dirisha likishakauka chumvi halionyeshi kitu, so afadhali kuona juu yake kuliko kupitia ndani yake.

Bimini: mrefu kuliko wote asimame na kofia yake, ongeza vidole vinne. Alafu bumu, ule mti mlalo unaoshika tanga kwa chini. Pima bumu likiwa limeshuka kabisa, tanga limeteremshwa, sio wakati tanga limesimama limelibeba, maana kuna tofauti ya shibiri nzima na siku moja upepo utalishusha likae juu ya paa lako jipya. Na waya wa nyuma wa mlingoti usiusahau, ukipita katikati ya bimini unataka mpasuo wenye zipu na kola yake.

Bimini ikiniziba nisione tanga je?

Tunaweka kidirisha cha plastiki angavu juu, ka ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, na kifuniko chake cha kitambaa cha kukunjulia ukishatia nanga. Bila kifuniko hicho kidirisha kinakuwa shimo la jua na shingo yako ndio italipa.

Kitambaa gani?

Akriliki ya baharini. Watu wote wanaijua kwa jina la Sunbrella japo kampuni ziko zaidi ya moja. Uzuri wake ni kwamba rangi imeingizwa kwenye nyuzi zenyewe kabla hazijafumwa, ka karoti, ukiikata ndani ni rangi ile ile, sio ka figili ambayo nje nyekundu ndani nyeupe. Ndio maana haichuji haraka. Inapumua, haishiki joto sana chini yake, na ile ya kawaida ya yoti ina uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Ubaya: inakataa maji lakini haiyazuii moja kwa moja. Mvua ya masika ikipiga masaa mawili, ukigusa kwa ndani na kidole, hapo hapo panaanza kudondosha. Na msuguano inauogopa, kamba ikiisugua mwezi mmoja imetoboka.

Cha pili ni polista iliyopakwa PVC, ka Stamoid. Hiyo maji hayapiti kabisa, na chafu inafutika. Lakini haipumui, kwa ndani kunatoa jasho asubuhi, na mchana joto linakaa. Mi napenda kuichanganya: dodja PVC au akriliki yenye kupakwa kwa ndani, bimini akriliki tupu. Na kila mahali bumu, kamba au mkono unaposugua naweka kiraka cha PVC au ngozi tangu mwanzo, kabla ya tundu.

Je, turubai la buluu la dukani, lile la kufunikia mahindi?

Miezi sita, alafu linaanza kubanduka vipande vya plastiki vinavyoingia baharini. Kwa kujaribia vipimo sawa.

Rangi?

Nyeupe inatoa kivuli chenye mwanga mwingi, macho yanachoka, na kuvu inaonekana. Nyeusi na buluu iliyokolea zinakata mwanga vizuri ila gusa kwa chini saa saba utajua. Ya mchanga au kijivu ndio nawashauri wengi, wengi wananisikiliza alafu wanachukua buluu.

Fundi mwingine kaniambia uzi wowote wa polista unafaa. Kweli?

Sio kweli, na hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Nikiletewa bimini "imekufa" mara nyingi kitambaa kizima kabisa, kina miaka mingine mitano sita, kilichokufa ni uzi. Jua linaula uzi kwa sababu uko nje juu ya mshono, wenyewe peke yake, mwembamba.

Mwanzoni mwangu nilitumia uzi ule ule wa viti vya bajaji. Kiti cha bajaji kina kivuli chake jamani, bimini haina. Kaskazi mbili tu zimepita mwenye yoti akaniita, nikashika mshono kwa vidole viwili nikavuta kidogo, ukafunguka wote ka tambi zilizopikwa, trrr, mpaka mwisho. Niliona aibu siku ile we acha.

Sasa natumia njia mbili. Uzi mnene wa polista uliotibiwa kwa ajili ya jua, unadumu miaka kadhaa alafu unarudia mishono, au uzi wa PTFE, ule unaoitwa Tenara, ambao jua haliuharibu kabisa, utaishi kuliko kitambaa. Ni ghali sana, reli moja inashtua. Lakini hesabu vizuri: kwenye bimini nzima uzi ni sehemu ndogo ya gharama, kubwa ni kitambaa na mkono wangu, na kurudia mishono yote baada ya miaka minne unanilipa mkono wangu tena. Kwangu faida, nakwambia hivyo hivyo.

Tahadhari kwa wanaoshona wenyewe: ule uzi wa PTFE ni mtelezi, mvuto wa cherehani lazima uurekebishe, ukikatika katika usitupe mashine baharini.

Fremu nitumie mabomba gani?

Stenlesi ya 316, kipenyo milimita 25 kwa bimini, 22 inatosha kwa dodja ndogo. Ile 304 ndio inayouzwa sana mjini kwa ajili ya mageti na ngazi, inang'aa vile vile, lakini haina molibdenamu, na chumvi itaitafuta. Watu wanakuja na sumaku kupima, wanasema haishiki kwa hiyo ni nzuri. Sumaku haitofautishi 304 na 316, zote mbili kwa kawaida hazishiki, imekupotezea muda. Mimi mwenyewe nshauziwa mabomba nikaapiwa ni ya baharini, baada ya kusi moja yakatoa madoa ya rangi ya chai kila penye wedi, yani palipochomelewa. Omba karatasi ya kiwandani, au nunua kwa mtu atakayekuwepo mwakani.

Hata 316 ikiwa na wedi isiyosafishwa itatoa madoa hayo, sio mwisho wa dunia, sugua, osha kwa maji baridi, yani yasiyo na chumvi.

Na jambo ambalo watu hawalitilii maanani: mtu akiyumba anashika cha karibu, na cha karibu ni dodja. Kitambaa sio kishikio. Weka bomba la kushikia pembeni na nyuma ya dodja, limefungwa kwa boliti kupita sitaha na bamba kwa chini, uning'inie nalo uzito wako wote nangani kabla hujalihitaji usiku.

Madirisha ya plastiki yangu yamekuwa ka maziwa. Yameharibikaje?

Ntakutajia wauaji kwa mpangilio wa ninavyowaona. Kwanza kufuta chumvi kikavu, yani unachukua kitambaa unasugua chumvi juu ya plastiki, hiyo ni msasa. Mwaga maji baridi mengi kwanza, ndio ufute, kwa kitambaa laini. Pili, dawa za vioo zenye amonia, thina na petroli. Tatu, hii inawashangaza watu, dawa ya mbu yenye DEET na losheni ya jua, mtu kajipaka vizuri kashika dirisha, alama ya vidole vitano inabaki milele. Nina dirisha moja karakanani lina kiganja kizima cha mtoto, naonyesha wateja.

Nne, bomba la fremu. Stenlesi ikikaa juani inachemka na plastiki inayoigusa inaungua mstari wa kahawia. Napachika kipande cha kitambaa katikati yao.

Na usikunje, viringisha, na shuka laini katikati. Unene wa milimita 0.75 mpaka 1 ndio sawa, nyembamba zaidi inakunyata. Ukitaka dirisha linaloona ka kioo weka polikaboneti, haikunjiki kirahisi lakini macho yatakushukuru. Na dirisha la mbele la katikati lazima lifunguke kwa zipu, hilo sijadiliani, kwa sababu nangani dodja inakaa mbele ya upepo ka ukuta na kokpiti yote nyuma yake inakuwa haina hewa.

Sola niziweke juu ya bimini ya kitambaa?

Za kukunjika nyepesi unaweza kuzishonea mifuko ya zipu, ila zinapata joto na hazidumu ka za fremu. Paneli ngumu ya wati 100 ina kilo sita mpaka nane, nne ni karibu kilo thelathini juu kabisa, hizo zinataka mabomba yake mwenyewe na miguu ya kuzuia kuyumba mbele nyuma. Ukifika huko fikiria paa gumu kabisa, la plywudi na fibaglasi. Halishonwi, halipigi kelele usiku, unasimama juu kukunja tanga, na mimi nakosa kazi lakini nashona mapazia yake. Kasoro yake huwezi kulivua upepo ukija.

Upepo wa kiasi gani nivue bimini?

Upepo ukiongezeka mara mbili nguvu yake inakuwa mara nne, hiyo ndio hesabu ya kukaa nayo kichwani. Pazia la mita moja ya mraba lililosimama kwenye upepo wa noti 20 (noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa) linasukumwa na ka kilo nane. Kwenye noti 40 ni zaidi ya kilo thelathini. Mapazia ya mita nne, noti 40, ni watu wawili wazima wanavuta mabomba yako kwa pamoja. So mapazia yanatoka mapema, noti 25 hivi, bimini inatoka kabla ya 35, dodja ikishonwa vizuri inabaki. Na yavue ukiwa bado unaweza, sio yakianza kupiga makofi, zipu iliyovutwa na upepo haifunguki.

Ukiiacha yoti peke yake miezi kadhaa vua kila kitu cha kitambaa uweke ndani. Usiseme huku hakuna vimbunga. Kenneth Aprili 2019 alipita Komoro akaingia kaskazini ya Msumbiji, Hidaya Mei 2024 alifika Mafia, Chido Desemba mwaka huo huo aliivunja Mayotte na yoti zilizokuwepo. Kenya na Tanga tumebahatika mpaka sasa.

Naweza kukinga maji ya mvua kwa bimini?

Raha sana hiyo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, so bimini ya mita 2.5 kwa 2, mvua ya milimita 20 ni lita mia, toa za kumwagika. Nashona upindo kidogo pembeni na kibomba kwenye kona ya chini, mpira unaingia tangini. Dakika kumi za kwanza acha yaende, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Akriliki mpya inatoa maji yenye ladha ya dawa mvua mbili tatu za mwanzo, tumia kufulia.

Kuvu inatokaje?

Kuvu haili akriliki, inakula uchafu uliokaa juu yake, so maji baridi kila mwisho wa wiki ndio dawa. Ikishaingia: jiki kikombe kimoja, sabuni laini robo kikombe, kwa galoni moja ya maji, ka lita nne pungufu. Paka, acha robo saa, sugua na brashi laini, suuza sana mpaka harufu iishe. Jiki isiguse madirisha. Baada ya hapo kitambaa kimepoteza kinga yake ya maji, pulizia dawa ya kukirudishia kikishakauka kabisa.

Nikifunga mapazia usiku wa mvua naweza kupika humo au kuwasha jenereta?

Jenereta ya petroli ndani ya mapazia, hapana, hata dakika moja. Ule moshi usio na harufu unaua mtu kalala. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa mpaka chini ya yoti inakusubiri. Chai chemsha kwenye jiko la ndani na milango wazi, pazia la upande wa chini ya upepo fungua nusu.

Naweza kushona mwenyewe kwa cherehani ya nyumbani?

Bimini ndogo, ndio. Tabaka mbili tatu inapita bila shida. Penye kona ambapo upindo, zipu, kiraka na utepe vinakutana ni tabaka saba nane, hapo cherehani ya mama italia, zungusha gurudumu kwa mkono taratibu. Sindano nene, namba 18, hatua ya mshono ndefu milimita nne au tano, maana hatua fupi zinatoboa kitambaa ka stempu. Kata kwa kisu cha moto kingo zisifumuke. Na kata ndogo kidogo kuliko fremu, ka sentimita moja moja, akriliki inalegea ikishakaa juani na paa lililolegea linashika dimbwi.

Dodja usianze nayo. Inapinda pande mbili kwa wakati mmoja, hata mi natengeneza kwanza kwa nailoni ya kupimia, nachora kalamu humo humo juu ya fremu, ndio nakata kitambaa.

Inachukua muda gani kwako?

Bimini siku nne tano fremu ikiwa tayari, dodja wiki mbili. Kitambaa naagiza, kinaweza kukaa bandarini mwezi, so usinijie Mei unataka kuondoka na kusi la Juni. Njoo na yoti, na kila mtu anayeiendesha, hata mfupi.